Kisu Kilichopimwa kwa Udongo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama watoto asisikie, ni ile niliyoteremka Ahero nikiwa na kisu kilichofungwa ndani ya gunia, nikijiona mimi ndiye fundi wa mafundi wote wa ziwa hili. Nilikuwa kijana, mwanangu. Kichwa cha kijana huwa kimejaa, lakini si lazima kiwe kimejaa akili. Vuta kiti ukae nikueleze. Simu yako iweke kando kidogo, haitakimbia.

Babu yangu mzaa baba ndiye aliyenilea. Sisi Waluo babu tunamwita Kwara, na bibi tunamwita Dani, kwa hiyo nami nitawaita hivyo hivyo. Midomo yangu imeshazoea. Kwara alikuwa mwindaji. Ujanani alipanda na wenzake na mbwa wao hadi vilima vinavyoitazama Kano, tambarare yetu hii, wakarudi na paa na nguruwe mwitu. Serikali ilipokataza uwindaji aliutundika mkuki wake darini wala hakununa sana. Alisema wanyama nao walikuwa wamechoka kukimbizwa. Kitu kimoja tu hakukitundika, nacho ni kisu chake cha kuwindia. Hicho kilibaki kiunoni, ndani ya ala ya ngozi, kila siku ya Mungu.

Kisu kile kikawa cha kugawia nyama. Pakichinjwa ng'ombe nyumbani, kwa harusi au kwa matanga, Kwara ndiye aliyekata, na wote tulimzunguka kumtazama. Hakukata ovyo kama hawa vijana wa buchari wanaogonga mifupa kwa shoka mpaka unakula vipande vya mfupa kama changarawe. Alitafuta kiungo kwa kidole gumba, akaingiza ncha, akageuza mkono kidogo, na paja likaachana na nyonga lenyewe. Halafu kipande cha kwanza kabisa hakumpa mtu. Alimpa mbwa. Sisi watoto tulilia kwa wivu, naye alitujibu kila mara kwamba anayekimbia ndiye anayeanza kula, na wengine wote ni wageni wa mbwa. Hakuna mbwa aliyekuwa amekimbiza chochote miaka yote hiyo zaidi ya kuku wa jirani, lakini desturi ni desturi.

Kisha mto Nyando ukafurika. Mtu wa Kano haogopi kutamka neno mafuriko, tumezaliwa nayo, lakini yale ya mwaka ule yaliingia ndani ya nyumba kabla ya kupiga hodi. Kwara alimtoa Dani, akarudi kumfungua ndama aliyekuwa amefungwa kamba mtini, maji yakiwa yamefika kifuani. Kamba akaikata, ndama akapona. Kisu kikaenda na maji. Aliporudi penye nchi kavu alikuwa na ala tupu kiunoni. Walipomuuliza alisema tu, "Maji imechukua," basi, habari ikaishia hapo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaondoka nyumbani, nikijifunza ufundi wa chuma huko Kisian, katika karakana moja ya kando ya barabara ya Busia. Habari za nyumbani nilizipata nikirudi likizo. Niliona Kwara amebadilika. Palipochinjwa mbuzi kwa jirani, aliitwa akagawe kama kawaida, akakataa. Mdogo wake akampa kisu chake, akakirudisha. Alikaa nyuma kabisa, karibu na zizi, akala alicholetewa. Nyumbani kukawa na mipango ya maombi ya shukrani, kwa sababu tulikuwa tumemjengea nyumba mpya kwenye mwinuko, na mchungaji alikuwa ameshaalikwa na ng'ombe dume ameshachaguliwa. Kwara akasema siku hiyo yeye atakaa ndani ya nyumba, kichwa kinamwuma. Kichwa gani hicho, mwanangu, kinachojua tarehe mapema hivyo?

Dani aliniita pembeni. Yeye alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mikono yake ilikuwa na udongo siku zote, hata mkono wa salamu alikupa kiwiko. Akaniambia, "Mzee wako amekuwa mgeni kwake mwenyewe. Kama siku hiyo hatatoka nje, hatatoka tena."

Maneno hayo yalinichoma. Nilimpenda Kwara kuliko mtu yeyote. Nikasema moyoni, dawa ni rahisi: mzee amepoteza kisu, mimi ni fundi wa chuma, nitamfulia kisu. Nikarudi Kisian mbio.

Palikuwa na springi iliyovunjika ya lori la miwa, lori la kule Muhoroni lililokuwa limeletwa kutengenezwa. Chuma cha springi ni chuma hasa, kimebeba miwa kwenye mashimo ya barabara miaka mingi, hakidanganyi. Fundi wangu, Bwana Okelo, alinipa kipande na ruhusa ya kutumia moto wake baada ya kazi za wateja. Aliuliza swali moja tu.

"Umepima?"

"Nimepima kwa macho, Bwana. Kile kisu nakijua tangu utoto."

"Haya. Macho ni yako."

Ningekuwa na masikio ningelisikia jambo ndani ya jibu lile. Lakini nyundo ilikuwa mkononi na kijana mwenye nyundo hasikii. Nilikipiga kile chuma kikiwa chekundu mpaka kikanyooka. Nikakipiga tupa jioni baada ya jioni. Nikakitia kwenye oili chafu ya injini kikalia na kutoa moshi, kisha nikakirudisha kwenye joto dogo mpaka rangi ya majani makavu ikapita juu yake, maana chuma kigumu kupita kiasi huvunjika. Nikanoa hadi kikanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Mpini nikauchonga kwa mti wa powo, mti mgumu ambao wazee wetu walipenda kwa fimbo na mipini, nikaulainisha ukang'aa. Kilikuwa kisu kirefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko. Ndivyo nilivyokikumbuka: kisu kikubwa cha mtu mkubwa. Waliokuwa wakipita barabarani walisimama kukitazama, nami niligeuka geuka nikijifanya sioni kwamba wananitazama.

Basi, hiyo ndiyo siku ninayokuambia. Niliteremka Ahero, nikatembea hadi nyumbani kupitia kingo za mashamba ya mpunga, nikaingia uani nikiwa nimeshapanga maneno yangu yote. Kwara alikuwa kwenye kigoda chake. Nikalifungua gunia mbele yake.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye makali, akatikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akajaribu kukishika kwa mkono mmoja kama mtu anayekata. Ncha ikainama chini. Akakiinua, ikainama tena. Akakirudisha mara moja kwenye mikono miwili.

"Ero kamano, nyakwara," alisema, asante mjukuu wangu. "Umekuwa fundi. Hii ni kazi ya fundi kweli."

Akainuka, akaingia ndani, akakitundika ukutani kando ya kalenda. Akatoka, akakaa, akaniuliza habari za Kisian na kama mvua imenyesha huko.

Nilimjibu lakini sikuwa namsikia. Mwanangu, kuna sifa ambazo ni mlango unaofungwa taratibu. Nilikuwa nimetazamia akitie kiunoni, naye alikuwa amekitundika kama picha. Nilikwenda nyuma ya jiko kwa Dani nikiwa nimevimba. Nikamwambia mzee hana shukrani, nimechoma vidole vyangu kwa ajili yake. Dani aliendelea kukanda udongo wake.

"Umeleta ni kisu ama ni panga?"

"Dani, hicho ndicho kisu chake! Kilikuwa vile vile!"

"Uliona lini mara ya mwisho karibu?"

Nikafikiri. Kiunoni nilikuwa nimekizoea hata sikitazami; mara ya mwisho kukitazama hasa nilikuwa mdogo, nimesimama katikati ya watoto wenzangu, pua zetu zikiwa usawa wa paja la ng'ombe.

"Siku hiyo hata jogoo wetu alikuwa mkubwa kwako," alisema Dani. "Ulikuwa unamkimbia ukilia. Huyo pia ungemtengeneza ukubwa ya ng'ombe?"

Akanyoosha mkono wenye udongo akanionyesha kikapu kilichoning'inia. Ndani yake, chini ya vibuyu na kamba, nilikuta ile ala ya ngozi. Ilikuwa kavu, imekunjamana kwa maji ya mafuriko, na haikuwa ndefu kuliko kiganja changu na vidole vyake. Hiyo tu! Kisu kikubwa cha utoto wangu kilikuwa kinakaa ndani ya kitu kile kidogo. Nilicheka, sikuweza kujizuia, na Dani akacheka mpaka akashika ubavu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mimi sikuwa nimeuliza hata ala.

Nilidhani basi mambo yamekwisha, nitachukua ala nikapunguze kisu. Nikaanza kuondoka. Dani akanishika shati, akaliacha na alama ya udongo.

"Ngoja. Ala imekuambia urefu. Haijakuambia mkono."

Akafinyanga bonge la udongo, refu kiasi, kama muhogo mdogo. Akanibebesha, tukazunguka hadi uani kwa Kwara. Dani akamwambia kwa sauti ile ya kila siku, kama anayeomba apitishiwe chumvi, "Mzee, nishikie hii udongo. Shika kama mtu anakata nyama."

Kwara alimtazama mkewe. Kisha alinitazama mimi, akaiona ala mkononi mwangu. Halafu akalichukua lile bonge kwa mkono wa kulia na kulifinya kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na alipolirudisha hakuyaondoa macho yake kwenye udongo.

Nami nikautazama. Kidole gumba kilikuwa kimezama. Cha shahada kimezama, na cha kati kimezama. Viwili vya mwisho vilikuwa vimeugusa tu, kama mtu anayegusa chai kuona kama ni ya moto. Vidole viwili vya Kwara havikuwa vinakunjika tena.

Hapo nikaelewa, mwanangu. Maji hayakukichukua kile kisu. Kilimponyoka, siku ile ndani ya mafuriko, kwa sababu mkono haukuweza kukishika. Na hakuwa anakataa kisu cha mdogo wake kwa kiburi. Aliogopa kimponyoke tena mbele za watu wote, mbele ya mchungaji na wakwe na watoto, yeye ambaye walimzunguka kumtazama. Na mimi nilikuwa nimemletea chuma cha kumtia aibu hiyo, tena kirefu, tena kinang'aa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwonea huruma, lakini nilijua nikisema neno la huruma nitamwumiza. Nikasema tu, "Kwara, kile kisu nakiomba nirudi nacho. Kina kazi ndogo imebaki."

"Kichukue," alisema. Akafikicha udongo vidoleni. Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye zizi, "Mpini ukiwa mnene kidogo si vibaya."

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa ameificha tangu mafuriko. Ilihitaji udongo tu kuifungulia njia.

Dani alilikausha lile bonge kivulini na kulichoma pamoja na vyungu vyake. Nikalibeba hadi Kisian nikiwa nimelifunga kwa shati langu la Jumapili. Bwana Okelo alipoliona aliligeuza mara mbili, akalirudisha mezani. "Sasa umepima," alisema, akanipisha motoni. Nikakirudisha kisu kwenye makaa, nikakikata, nikakifupisha mpaka kikaingia ndani ya ala na kutulia. Mpini wa kwanza niliutupa. Nilichonga mwingine mnene, nikiwa na udongo upande wa kushoto na mti upande wa kulia, nikauchimbia gumba mahali pake, shahada mahali pake, na pale penye vidole viwili vya mwisho nikaacha tumbo lililojaa, ili mpini uende kukutana na vidole, maana vidole havikuweza kwenda kukutana na mpini. Ile ncha iliyobaki sikuitupa. Nilimfanyia Dani kisu cha kuparia samaki, na alikitumia hadi kikawa chembamba kama jani la nyasi. Kwa hiyo utaona makosa yangu yalilisha watu wawili.

Siku ya maombi ya shukrani nilifika asubuhi, ng'ombe akiwa ameshachinjwa, watu wameshajaa uani. Kwara alikuwa ndani, na kichwa chake kile cha tarehe. Niliingia nikamwekea ala mapajani, kisu kikiwa ndani, nikatoka. Hotuba yangu niliyokuwa nimeipanga mara ya kwanza ilikuwa imeshanitoka kichwani, na ashukuriwe Mungu.

Tulingoja. Mchungaji alitazama saa. Mdogo wake Kwara alianza kukunja mikono ya shati. Kisha mlango ukafunguka na Kwara akatoka, ala kiunoni, akatembea polepole katikati ya watu hadi kwenye majani ya migomba palipolazwa nyama. Akapiga magoti. Akatafuta kiungo kwa kidole gumba. Nilimtazama mkono tu, sikuthubutu kumtazama uso. Ncha ikaingia. Mkono ukageuka kidogo. Paja likaachana na nyonga, na kisu kilikuwa bado mkononi mwake.

"Yawa!" alisema mtu nyuma yangu. "Mzee amerudi!"

Akakata kipande cha kwanza, kizuri, chenye mafuta. Mbwa wetu alikuwa ameshakaa mbele, mkia unafagia. Kwara akakiinua kile kipande, akamtazama mbwa, kisha akatazama juu ya kichwa chake, akitafuta kati ya watu.

"Huyu mwaka huu hajakimbia," alisema. "Aliyekimbia ni yule pale. Kisian na kurudi, Kisian na kurudi."

Akanirushia. Nikakidaka kifuani, mafuta yakapaka shati langu lote. Watu walicheka mpaka mchungaji naye akashika mbavu, na tangu siku ile binamu zangu wananibwekea tukikutana, wazee wazima wenye mvi. Mimi nilicheka nao na machozi yakanitoka, wala sikuyafuta. Kipande cha pili Kwara alimpa mbwa, ili pasiwe na kinyongo.

Aligawa nyama kwa kisu kile hadi mwisho wa maisha yake. Vile vidole hatukuvizungumza hata siku moja.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Ukitaka kumpa mtu kitu, usimpe mtu unayemkumbuka. Yule anayekaa kichwani mwako ana nguvu za zamani, ana miguu ya zamani, na hahitaji chochote kutoka kwako. Mpe huyu aliyeketi mbele yako leo. Nenda kwake, kaa naye, mshike mkono. Muulize, na akishindwa kukuambia kwa mdomo, tafuta udongo wako. Wazee hawapendi kusema wamepungukiwa; hilo hata mimi sasa nalikiri. Na ukigundua kilichopungua, usikitangaze. Nenda ukaongeze mpini.

Mjukuu wangu wa kike, anayesomea ualimu Kisumu, alinipigia simu juzi. Alitaka kuninunulia viatu vya Krismasi. Hakuniuliza navaa namba ngapi, ambayo ningemtajia ile ya miaka yote kwa kiburi tu. Alisema, "Kwara, nakuja Jumamosi na karatasi. Utasimama juu yake nichore mguu." Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Huyo hajawahi kusimuliwa kisa hiki. Sijui wazo hilo alilitoa wapi, labda damu nayo ina masikio.

Lile bonge la udongo ninalo bado, liko rafuni juu ya redio. Baada ya simu ile nililishusha nikalipangusa vumbi, nikatia mkono wangu wa kulia ndani ya alama za Kwara. Ujanani nilikuwa nikijaribu na vidole vyangu vinapita, vinakunjika hadi ndani. Juzi gumba lilizama, shahada ikazama, cha kati kikazama, na viwili vya mwisho vikagusa tu, vikakaa pale pale vyake vilipokaa. Sikuhuzunika. Nilihisi kama mtu amenisalimia.

Basi nenda salama. Mungu ayalinde macho yako yasichakae kwa kukumbuka, aipe mikono yako kazi na wa kuipokea kazi hiyo. Na siku vidole vyako navyo vitakapokataa kukunjika, akuletee mtoto atakayekuja mwenyewe na karatasi yake, apige magoti, aupime mguu wako jinsi ulivyo.